Maneno Kumi ya Baba

Wiki iliyopita nilipita Haltom City, nikasimamisha gari mbele ya zile nyumba tulizokaa tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi. Wamezipaka rangi ya kijivu. Kiyoyozi cha gari kinanguruma, nikajikuta nasema kwa sauti: thea, thea, thean, theas, thea. Ngoja nikuambie, rafiki, maana nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Kule kwetu Congo baba alikuwa mwalimu wa Kigiriki kwenye sekondari ya mapadri. Hapa Texas alifunga maboksi kwenye ghala, Grand Prairie. Lakini Jumamosi, nikichambua maharage mezani, alinifundisha neno moja tu: thea, mungu wa kike. Alisema Wagiriki hawaachi neno likae vilevile. Likifanya kazi lina sura yake, likiitwa lina yake, ukilipatia kitu linageuka tena. Sura tano za mmoja, tano za wengi. "Tena," alisema, akigonga meza na kijiko. Nilikuwa na miaka tisa, nataka kwenda kucheza. Niliyasema haraka haraka ili aniache.

Halafu akaanguka kazini. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, maneno yote yakaondoka. Mama akatupakia tukahamia Missouri City, hapahapa Texas, kwa mama mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wazee, anajua kumgeuza mgonjwa. Baba alitutazama, akafungua mdomo, ikatoka "ba, ba," basi. Kila asubuhi kabla ya shule nilimwosha uso, nikamlisha uji, nikamwambia: mimi Zawadi. Sema Zawadi. Hakuweza, na machozi yalimtoka.

Siku moja nimechoka naye kabisa, nikagonga bakuli na kijiko kama yeye zamani. "Thea!"

Akajibu. Yote kumi, bila kukwama, kwa sauti yake ileile ya darasani.

Mama alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga. "Mimi mke wake jina langu hajui! Yesu mwenyewe hamtaji! Ila huyo mwanamke wa Wagiriki anamjua na ukoo wake wote!"

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, kumbe una mke mwenza!"

Mama naye akacheka, kisha akakaa chini, akalia.

Mwalimu wa kusema, yule wa hospitali, alituambia kitu ulichokariri sana kinakaa mahali pengine kichwani. Si kuongea, alisema, msijidanganye. Mimi sikukubali. Nikapanga kuliweka jina langu mwishoni mwa orodha, ili akienda mbio limtoke bila kujua. Kila asubuhi: theai, theai, theas, theon, theais, Zawadi. Yeye anaishia theais. Tena, baba. Tena! Nilimpigia kelele. Nilimshika kidevu kwa nguvu, hilo sijamwambia mtu. Basi la shule liliniacha mara ngapi sijui.

"Zawadi, baba yako si redio," mama alisema. "Muache ale."

Ningemuachaje? Suruali zake zilikuwa zinamdondoka. Niliona anaisha, na nilitaka aniite mara moja tu, kabla.

Mwezi wa nne alisema. "Theon, theais, Zawadi." Sauti ileile, bila kupumua katikati, macho yake yako dirishani kwenye bomba linalomwagilia majani ya jirani. Kama sura nyingine tu ya lile neno.

"Niko hapa, baba," nikasema.

Hakugeuka.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi analisema, kila asubuhi naitika, na sikuwahi kujua kama aliniita au alikuwa anamaliza somo. Vitabu vyake vilibaki Congo. Sauti ile hatukuirekodi, nani alifikiria? Ikafika asubuhi nikagonga bakuli, nikaanza thea, nikangoja. Nikaendelea mwenyewe, polepole, sura zote kumi, nikalisema na jina langu, baba ananitazama, uji unapoa.