Mashine Haipimi Uvivu

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kupima ubongo, hapa Morogoro, nilimbandika mama mmoja nyaya kichwani, zote zikateleza. Nywele zake zilikuwa zimelowa mafuta ya nazi. Daktari Bingwa, bosi wangu, alicheka. "Binti, umeme wa ubongo ni hafifu mno. Anza na sabuni." Basi kazi yangu yote nilikuwa mwosha nywele kwanza, fundi baadaye.

Mgonjwa nisiyemsahau ni Shomari, mkulima wa milimani Uluguru. Alianguka kutoka juu ya mfenesi, jeraha likapona, lakini tangu hapo akawa wa kukaa tu kibarazani. Hata njaa ikimuuma hasemi. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, naye alilima shamba la ukoo wa mkewe, Mwanaidi. Mjomba wa Mwanaidi, mwenye kauli ya mwisho, ndiye aliyewaleta.

"Mpimeni uvivu na hiyo mashine," alisema. "Ukionekana, arudi kwao."

Mwanaidi akainamisha kichwa. Alimpenda mumewe, na roho iliniuma.

Mawimbi ya ubongo yalitoka mazito, ya polepole, sehemu ya nyuma ya paji la uso. Daktari akaeleza kuwa sehemu hiyo ndiyo humsukuma mtu aanze jambo, na ikiumia hata tabia hubadilika. "Mzee wangu, mashine haipimi uvivu. Huyu kuanza ndiko kumemshinda."

Mjomba akaguna tu. Mimi Mnyamwezi, mtani wake mwenye ruhusa ya kumchokoza, nikaona upenyo. "Mwacheni, daktari. Waluguru wamejua kulima tangu lini?"

Weee! Mjomba alinyakua jembe la mtunza bustani, akaanza kutifua chini ya dirisha letu. Nikampa Shomari jembe la pili, nikamsimamisha kando yake. Alitazama kidogo, kisha akalima. Akalima mpaka maua ya Mganga Mkuu yakaisha, maana kuacha nako kulimshinda. Mwanaidi alicheka huku analia.

Shomari hakurudishwa kwao. Kila asubuhi mjomba humpitia ili waanze pamoja. "Mmempima yeye, kazi mmenipa mimi," alinilalamikia.

Sasa nimestaafu. Asubuhi nyingine nakaa kitandani bila hamu ya lolote, hata chai. Ndipo simu hulia.

"Mtani, umeamka?" Nyuma ya sauti ya mjomba nasikia jembe la Shomari likigonga mawe. "Inuka, shika ufagio. Sikati simu mpaka nisikie unafagia."