Lame ya Meno ya Jembe

Zzzz. Kama inzi ndani ya chupa. Sauti ile ningali naisikia. Mpiga bass wa kwaya moja ya Beni alikuwa ameturudishia sanduku la baffle, la kukuzia sauti, tulilomtengenezea. Aliliweka katikati ya atelier yetu ya useremala, mtaani Kimemi, na hakuomba hata courant ya umeme. Aliinama kwenye tundu ambapo haut-parleur, spika yenyewe, hukaa, akaimba noti ya chini, na sanduku likajibu: zzzz.

"Munasikia? Siku ya Mungu inafanya hivi mbele ya kanisa muzima. Batoto banacheka, na pasteri anaangalia mimi!"

Patron akanitazama. Ni ndugu mdogo wa mama yangu, lakini kazini namwita Patron kama wengine. Zamani masanduku yake yote aliyapiga misumari. Mimi ndiye niliyembembeleza tuunge pembe kwa vidole: unakata mapengo kwenye miisho ya mbao, halafu unaziingiza moja ndani ya nyingine, kama mikono ya mtu anayeomba. Kichwani nilikwisha kuona makwaya yote mpaka Masereka yakiimba kupitia vidole vyangu.

"Sikia, mama," akaniambia, jinsi anavyoniita mimi binti wa dada yake. "Tutamupa ingine. Nayo ikilia, tunarudilia misumari. Mambo ya vidole inaisha."

"Ndiyo, Patron."

Mgeni alipoondoka, nilibomoa pembe moja ya sanduku lile. Gundi ilikuwa imeshika katikati tu ya mapengo. Pembeni mbao ilikuwa kavu, na hapo ndipo ilipotetemeka. Nikapitisha ukucha ndani. Chini hapakuwa sawa, palikuwa na kamgongo. Basi nikaenda kutazama lame, msumeno wa duara kwenye mashini, ile mpya ya meno mengi tuliyoipenda kwa sababu inakata laini. Meno yake yamenolewa upande: moja linainamia kushoto, linalofuata kulia. Yanachimba pembeni, yanaacha katikati. Ukikata ubao vipande viwili, haidhuru kitu. Kwa pengo ambalo kidole kinapaswa kukaa mpaka chini, inadhuru.

Ukutani ilining'inia lame ya zamani, ya meno machache, ncha zake zimenyooka kama za jembe. Tuliitumia kupasulia mbao za mafundi wa nyumba. Nikaishusha.

"Ile ya kupasulia mbao za paa?" mwenzangu wa randa akacheka. "Kesho utaomba shoka!"

"Shoka nitakuachia wewe, unyolee ndevu."

"Ndevu gani?" Patron akauliza, na mwenyewe akashika kidevu chake, akacheka.

Nilikata mbao za sanduku jipya polepole, na kipande cha ubao nyuma ili mbao isichanike. Safari hii ukucha ukapita chini ya mapengo bila kukwama. Nikapaka gundi, nikabana pembe kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikaacha.

Gundi ilipokauka, courant ilikuwa imekatika. Mpiga bass angefika kesho yake. Wenzangu wakatoka nje kuota jua, na Patron pamoja nao. Nikafungua mipira. Nikapiga magoti mbele ya sanduku tupu, nikaweka mdomo kwenye tundu na kuimba noti ile, chini kadiri sauti yangu inavyoweza kushuka. Sanduku likanirudishia sauti yangu, nzito, nzima, bila inzi.

Nikavuta pumzi, nikaimba ubeti wote.