Mtaro Katikati ya Pisti

Nina hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na wafanyakazi waliopita mikononi mwangu hawatambishia. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema.

Kazi yangu ilikuwa kupanga. Pisti ya mji wetu, Bunia, ile njia ya lami ambako ndege zinatua na kuruka, ilikuwa imechakaa. Lami ilimeguka, na kila mvua ikinyesha maji yalituama katikati. Kampuni yetu ilipewa kazi ya kuitengeneza upya kwa sharti moja: ndege zisisimame hata siku moja. Mtu wa mbali angedhani ni sharti la wafanyabiashara wenye haraka zao. Sisi tulijua barabara zetu. Wiki hii unakwenda Nyankunde kwa pikipiki na kurudi salama, wiki ijayo dereva aliyekubeba anarudishwa amefunikwa turubai, kichwa mbali na kiwiliwili. Ndege zikisimama, mji wote unabaki umefungiwa ndani na wauaji nje.

Nikaigawa pisti nusu mbili. Nusu moja tuliibandua lami yote na kuifunga. Nusu ya pili ilibaki ikitumika kwa ndege ndogo, lakini nayo ilitakiwa kupitishwa bomba la maji ya mvua chini yake. Kwa hiyo kila siku, ndege ya mwisho ya asubuhi ikiruka saa nne, tulichimba kipande cha mtaro kukata lami, tukalaza bomba, tukafukia, tukashindilia kwa ile mashine nzito tunayoiita rulo. Saa tisa alasiri ndege nyingine zilianza kutua juu ya mahali tulipokuwa tumesimama na sururu. Nilikuwa na karatasi ya ratiba yenye rangi nne ukutani kwangu, na nilijivunia mno karatasi ile.

Tatizo lilikuwa watu. Mwanzoni niliwachanganya wote, wa milimani na wa bondeni, jamii mbili zenye uhasama wa miaka mingi. Wiki ya pili mmoja alimvunja mwenzake mkono kwa mpini wa sururu, kwa sababu ya ng'ombe walioibwa kule kwao na wala si wa yeyote kati yao. Nikasema basi, nitapanga na hili. Waliotoka milimani niliwaweka timu moja, nikawapa sururu na kazi ya kuchimba. Waliotoka bondeni niliwaweka timu ya pili, nikawapa makoleo na rulo, kazi yao kufukia na kushindilia. Kila timu ilikuwa na pipa lake la maji na mahali pake pa kulia. Nikatoa amri: atakayegusa chombo cha timu nyingine atafukuzwa siku hiyohiyo. Nilifukuza wawili, mmoja kwa kuazima koleo tu. Tangu hapo kukawa na utulivu, wakubwa wakanisifu, nami nikajiona mjanja.

Msimamizi wa timu ya milimani, kapita wao, alikuwa mtu wa makamo, mpana wa mabega, mwenye mzaha. Kila asubuhi aliniangalia kitambi na kuuliza nitajifungua lini. Nilimtukana, akacheka, akaniita chef, yaani mkubwa, tukaanza kazi. Alikuwa na binti mmoja tu, mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwao milimani, chini kidogo ya Kpandroma. Saa sita kila siku binti alimpigia simu, na kapita alikwenda pembeni kuzungumza naye huku anatabasamu peke yake.

Siku ninayoisema simu ilikuja saa tano, na aliyepiga hakuwa binti. Tulikuwa tumechimba kipande cha katikati kabisa, kile kibaya kuliko vyote, kwa sababu mtaro ukiwa wazi pale hakuna upande uliobaki na urefu wa kutosha kutua hata ndege ndogo. Simu za timu ya milimani zilianza kulia moja baada ya nyingine. Nikaona mtu anakaa chini juu ya kifusi. Nikaona mwingine anajipiga kichwa kwa ngumi zake mwenyewe. Kapita alinijia, uso umekauka.

“Chef, bameingia kwetu asubuhi. Bameuwa batu kanisani. Bibi yangu, mama ya mutoto, amekufa.”

“Na mutoto?”

“Bamemukata tumbo. Iko na pumzi. Bamemuweka mu camion, iko njiani na bengine.”

Wakati huohuo mtu wa mnarani, yule anayeongoza ndege, aliniita kwa redio. Hospitali za mjini zilikuwa zimejaa, na upasuaji wa tumbo ungefanyika Nyankunde. Barabara ya Nyankunde ilikuwa imekatwa tangu juzi. Ndege ndogo ingekuja saa tisa kamili kubeba majeruhi wanne walio taabani zaidi, na daktari aliyekuwa kwenye ile camion, lori la majeruhi, alikuwa ameshataja kwa simu jina la binti wa kapita. Akaniuliza kama pisti itakuwa wazi. Nilimjibu kwamba itakuwa wazi hata nikiufukia mtaro kwa meno.

Nikamwambia kapita. Akanishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma.

“Funga shimo, chef. Siombi kingine.”

Sasa fikiria upangaji wangu. Watu wa kufukia ule mtaro walikuwa timu ya bondeni, na kule milimani kila mtu alikuwa akisema wauaji wametoka bondeni. Kweli au uongo, hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza. Watu wa bondeni walisimama na makoleo yao wakitazama chini, waliogopa. Niliwatukana mpaka wakaanza. Walifukia haraka kuliko siku zote, na dereva wa rulo, kijana mwembamba aliyekuwa na mke mjamzito mtaa wa Saio, aliiwasha mashine na kuisogeza. Ilikuwa saa nane. Muda ulitutosha.

Lori likafika getini mapema. Timu ya milimani ilikimbia kwenda kuangalia, nami sikuwazuia. Walichokiona humo ndani nilikiona baadaye: watoto waliokatwa visigino, mwanamke asiye na mikono, damu ikidondoka kati ya mbao hadi kwenye matairi. Waliporudi hawakuwa watu niliowajua. Walikuja na sururu, hawapigi kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

Walianza na aliyekuwa karibu. Sururu ilimwingia begani akaanguka juu ya udongo wa mtaro. Watu wa bondeni walijibu kwa makoleo, wakapasuana vichwa na kuvunjana meno, mmoja nikamwona anatambaa na sikio lake mkononi. Mimi nilikuwa upande wa pili na nilikimbia kuwaita askari wanaolinda uwanja. Niliporudi nao timu ya bondeni ilikuwa inaruka uzio, na dereva wa rulo alikuwa chini, fuvu limefunguka. Injini ilikuwa bado inanguruma. Kapita alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya mashine, mikono yake yote miwili ina damu hadi kwenye viwiko.

Sikuuliza kitu. Damu ilinichemka, na ninaandika kwa aibu kwamba kulikuwa na raha ndani yake. Niliokota mpini, nikampiga usoni kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alianguka chali, akainuka kwa kiwiko, akanyoosha kidole kwenye rulo na kutoa sauti nzito isiyo na maneno, damu ikimwagika mdomoni. Nikadhani ananitishia. Nikampiga tena.

“Balaze bote chini,” nikawaambia askari. “Mwenye kuinua kichwa, mumupige.”

Wakawalaza kifudifudi juu ya lami, watu zaidi ya ishirini, kapita miongoni mwao na buti la askari shingoni. Kisha nikageuka na kuuona mtaro. Ulikuwa umefukiwa wote, lakini udongo ulikuwa laini. Gurudumu la ndege lingezama na ndege ingepinduka pamoja na waliomo. Rulo ilisimama katikati ya pisti bila mtu.

Nilipanda mwenyewe. Mimi rulo najua kuichora tu, kwa kalamu, na mshale wa kuonyesha inakoelekea. Nilivuta mkono mmoja wa mashine ikarudi nyuma, nikavuta mwingine ikarukia mbele, ikaingia kwa ubavu kwenye udongo ule laini na kuzama. Injini ikazimika. Nikasikia ndege.

Ilikuwa ndege nyeupe ya injini moja. Ilizunguka juu yetu mara ya kwanza, na mara ya pili ilishuka chini kiasi cha kumwona rubani anavyoinamisha kichwa kututazama. Mtu wa mnarani alinipigia kelele kwenye redio. Nilisema dakika kumi, nikasema tena dakika kumi. Upande wa mashariki, kuliko na ziwa, wingu lilikuwa jeusi na upepo umeanza. Mara ya tatu ndege haikushuka. Iligeuza bawa ikaenda zake, na sauti yake ilikwisha kabla mvua haijaanza.

Askari waliondoa mabuti. Mmoja wa timu ya milimani, mzee kuliko wote pale, alikaa kitako juu ya lami iliyolowa na kunitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

“Kapita anajua rulo, chef,” akasema. “Aliendesha miaka sita kule ku barabara ya mugodi. Kijana ya watu, siye ndiyo tulimupiga. Yeye alikuwa anatuzuiya, anamufunika na mikono. Kisha kijana amekufa, yeye akapanda ili afunge shimo. Njo saa ile ukamupiga.”

“Kwa nini hamukusema?”

“Ulisema mwenye kuinua kichwa bamupige.”

Nilikwenda kwa kapita. Taya lake lilikuwa limehama upande mmoja na macho yamevimba. Hakunigusa. Alisimama, akayumba, akatembea kuelekea lori, nami nikamfuata hatua chache nyuma kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Mvua ilikuwa inapiga. Daktari alikuwa amemlaza binti chini ya lori ili asilowe, kwenye kipande cha godoro. Alikuwa hai. Macho yake yalikuwa wazi lakini yalikuwa yameacha kuona, na mkono wake ulikuwa unapapasa hewani.

“Papa yangu iko wapi?” aliuliza. “Papa, ni weye? Sema, nisikie.”

Kapita alipiga magoti kwenye matope, akaushika ule mkono, akafungua mdomo. Ikatoka ileile sauti nzito niliyoisikia pale kwenye rulo. Binti akauvuta mkono wake. Alidhani ni mmoja wa wale wa asubuhi. Alianza kulia na kuomba asiuawe, na aliendelea kumwomba baba yake hivyo mpaka pumzi ikamwisha.