Masanduku Mawili ya Bati

Majina yetu hayana haja ya kutajwa. Usukumani mapacha huitwa majina yale yale, wa kwanza lake na wa pili lake, kwa hiyo ukisimama katikati ya kijiji chochote kuanzia Kharumwa mpaka Shinyanga ukatuita, wataitika watu wengi wasiotuhusu. Kaka yangu alitoka kwanza, mimi nikafuata muda si mrefu, na kwa muda huo mfupi alinisumbua utoto wangu wote. Kila asubuhi alikuwa ananingoja mlangoni.

"Niamkie. Mimi ni mkubwa wako."

"Nikuamkie wewe? Kwa lipi? Umeniwahi mlango tu!"

Sikumpa shikamoo yake hata siku moja. Nilikuwa mbishi, na sasa nimezeeka na ubishi bado ninao.

Mapacha wa ukoo wetu walikuwa watu wa masharti. Kinachompata mmoja lazima kimpate na mwenzake, la sivyo aliyenyimwa atadhoofika na anaweza hata kufa. Baba akimnunulia kaka shati, ananinunulia na mimi gauni siku hiyohiyo. Kaka akishikwa na malaria, mimi mzima kama ng'ombe namezeshwa klorokwini, chungu kama nyongo. Siku moja nikamwambia mama kwamba mimi sina homa. "Meza," akasema, "usije ukawa nayo."

Mwalimu wetu mkuu alikuwa mtu wa mkoa mwingine, na habari hizo hakuzijua. Tulipokuwa darasa la pili alimchapa kaka kwa kuchelewa. Kesho yake mama akatokea shuleni, jembe begani, akanisukuma mbele.

"Shikamoo, mwalimu. Jana umemchapa mmoja. Naomba umchape na huyu."

"Huyu amefanya nini, mama?"

"Hajafanya kitu. Ni pacha."

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua kichwani. Lakini mama hakuondoka, na mwisho mwalimu akanigusa kiganjani kwa fimbo, kidogo tu, mama akashukuru akaenda zake shambani. Toka siku hiyo kaka akichapwa, na mimi ninaguswa. Jamani, nilivyomwomba kaka awe mtoto mwema!

Alikuwa mwema, tena alikuwa na akili. Nasema hivi si kwa kumpendelea. Alikuwa akichunga ng'ombe huku anapiga hesabu kwa sauti, hata watu wakadhani anazungumza na ng'ombe. Mimi nilikuwa mzuri kwenye Kiswahili na maarifa, lakini hesabu ziliniliza. Sehemu zilipoanza nilikaribia kuacha shule. Kaka akachukua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, akaipanga juu ya jiwe. "Hii yote ni moja. Sasa tunaigawa." Nikajifunza nusu, robo na theluthi kwa kuzila. Nikijibu vibaya, kipande anakula yeye. Alishiba sana mwaka ule.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa kufa na kupona. Ukichaguliwa, unakwenda sekondari ya bweni, Serikali inakusomesha, na watu wanaanza kukuita kwa heshima hata kabla hujaondoka. Usipochaguliwa, jembe lako liko palepale ulipoliacha. Kati hapo hapakuwa na kitu. Shule za sekondari zilikuwa chache, vitanda vyake vichache, na ilibidi watoto wapunguzwe mpaka watoshee kwenye vitanda. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nimesahihisha makaratasi mpaka macho yakaniuma, na bado naona kwamba siku ile tuliitwa wenye akili na wajinga kwa sababu ya upungufu wa vitanda. Inanikera hadi leo.

Siku ya mtihani wavulana waliketi upande mmoja wa darasa na wasichana upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza mimi na kaka kuketi mbalimbali. Kwenye hesabu kulikuwa na swali la tangi la maji, linajazwa na bomba moja huku linavuja kwa bomba jingine, eti litajaa baada ya muda gani. Nani huyo mwenye tangi linalovuja na halizibi? Niliandika jibu lililonijia kichwani nikaendelea.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani kaka akaniuliza nimepata nini kwenye lile tangi. Nikamwambia. Akasimama, akafuta mchanga kwa unyayo, akachora tangi, akanionyesha taratibu mahali nilipokosea. Hakunicheka. Nikajua nimekosa, nikajua na yeye amepata, na nikawa na furaha kweli, maana nilisema moyoni mmoja wetu akienda inatosha, na huyo ni yeye.

Matokeo yalipotoka, mwalimu mkuu alitukusanya uwanjani. Alama hazikusomwa. Alama hatukuziona kamwe, wala hatukujua zinakaa wapi. Alisoma jina la mvulana mmoja, mtoto wa upande wa pili wa mto, kisha akasoma jina la msichana mmoja. Lilikuwa langu.

Nilimtazama kaka. Alikuwa anapiga makofi pamoja na wenzake.

Baadaye mwalimu alitueleza. Wavulana walishindana na wavulana, nao walikuwa wengi. Wasichana walishindana na wasichana, na sisi tuliofika darasa la saba tulikuwa wa kuhesabika kwa vidole, wengine wote wameshaolewa. Nafasi ya msichana isingeweza kupewa mvulana, hata angekuwa na kichwa cha namna gani. Nilielewa. Sikuipenda hata kidogo.

Nyumbani baba alisikiliza habari hizo hadi mwisho. Baba alikuwa mpole, mfugaji na mkulima wa pamba, mtu wa kuwaza kwanza. Akawaza siku nzima, asubuhi akatuchukua wote wawili mpaka kwa mwalimu mkuu. Alivaa koti lake, ingawa lilikuwa jua kali.

"Mwalimu," akasema, "nimepata njia. Nafasi ni moja na watoto ni wawili. Waigawane. Huyu aende muhula huu, huyu aende muhula ujao. Wamezoea. Hata kitanda walilala kimoja, hata vitabu walisomea vimoja. Anayerudi atamfundisha mwenzake alichosoma."

Nilimwona mwalimu anajitahidi asicheke, kisha nikamwona hana tena hamu ya kucheka.

"Mzee, ile ni shule ya wasichana."

"Huyu ni mpole. Hatawasumbua."

"Mzee wangu, haiwezekani."

Baba akavua kofia. Kisha akasema kwamba basi hatakwenda yeyote. Asingeweza kumpa mmoja na kumnyima mwingine halafu amzike aliyenyimwa. Mwalimu alimsihi, akamweleza kwamba nisiporipoti shuleni katika wiki mbili za mwanzo nafasi yangu atapewa mwingine, na hairudi tena. Baba akamshukuru kwa kazi yake yote, akavaa kofia, tukarudi nyumbani.

Siku zikaanza kwenda. Mama alilia jikoni akisingizia moshi. Mimi nilikasirika na kila mtu, pamoja na kuku. Kaka alichunga ng'ombe kama kawaida, ila hesabu zake sikuzisikia tena.

Aliyekuja kutuokoa ni shangazi, dada yake baba, ambaye naye alizaliwa pacha. Aliposikia habari alifunga safari kwa miguu, akafika amejaa vumbi, na kabla hata hajapewa maji ya kunywa akamvaa baba.

"Mimi nilipoolewa, pacha wangu naye aliolewa siku hiyohiyo?"

"Hapana," baba akasema.

"Ng'ombe zangu mlizipokea?"

"Tulizipokea."

"Pacha wangu alikufa?"

Pacha wa shangazi alikuwa hai kabisa, tena mnene.

"Mlitutenganisha kwa taratibu zake, nikaenda zangu. Hawa nao watenganisheni, huyu aende. Mume au shule, kuondoka ni kuondoka!"

Taratibu zenyewe, kwa ukoo wetu, zilikuwa hivi. Mapacha wanakalishwa kizingitini, mgongo kwa mgongo, mmoja anatazama ndani na mwingine anatazama nje. Wanalishwa ugali wa chungu kimoja kwa mara ya mwisho. Halafu anayebaki ndiye anayenyanyuka kwanza, kwa hiari yake, anapita ndani na kutokea mlango wa zizini bila kugeuka nyuma. Haruhusiwi kushikwa mkono wala kuambiwa neno. Asiponyanyuka, hawajatengana, na safari haipo.

Kwa hiyo yote yalikuwa mikononi mwa kaka.

Walitukalisha asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini. Mimi nilitazama nje, barabarani. Shangazi akatulisha tonge la huyu, tonge la huyu, mpaka chungu kikaisha. Kisha akarudi nyuma akasimama karibu na mama. Baba alikuwa kando, mikono nyuma.

Kaka hakunyanyuka.

Nilihisi mgongo wake ukipanda na kushuka. Kuku mmoja akaja akadonoa makombo miguuni kwangu, hakuna aliyemfukuza. Nilitaka kwenda sekondari kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na wakati huohuo niliombea asinyanyuke kamwe. Yote mawili yalikuwa kweli.

Akasema kwa sauti ya chini, ya kusikika na mimi tu, "Matangi yanayovuja, anza na bomba la kutoa. Usisahau."

Kisha mgongo wangu ukawa na baridi. Nilisikia nyayo zake zikipita ndani ya nyumba, nikasikia mlango wa zizi, nikasikia anawaamsha ng'ombe kwa sauti yake ya kila siku. Sikugeuka, kwa sababu sikuruhusiwa. Uso wake sikuuona, wala sikumwona tena siku ile hadi jioni, na jioni alinitania kuhusu miguu yangu kwenye viatu vya shule.

Baba akaenda Geita kwa fundi bati, mzee aliyekuwa mgodini zamani, kabla haujafungwa, akarudi na lori la pamba. Kwenye lori akashusha sanduku la bati, la rangi ya kijani, lenye kitasa. Halafu akashusha la pili, linalofanana nalo kabisa.

Shangazi akashika kiuno. "La pili la nini? Si tumeshawatenganisha?"

"Mmewatenganisha wao," baba akasema. "Mimi hamjanitenganisha."

Moja nilikwenda nalo. La pili lilibaki chini ya kitanda cha kaka.

Nilisoma, nikafundishwa ualimu, nikapangiwa shule mjini Shinyanga, nikapata nyumba mtaa wa Ngokolo. Kila swali la tangi lililonijia nilianza na bomba la kutoa, na sikukosa tena. Kaka akalima, akaoa mapema, akapata watoto. Nikienda likizo tulikaa pamoja tukabishana kama zamani, lakini habari ya kizingitini hatukuigusa. Watu walisema yeye alifeli. Nilipowasikia niliwashukia, na ulimi wangu wanaujua.

Kisha mwishoni mwa miaka ya themanini binti yake mkubwa alichaguliwa kwenda sekondari, shule ya wasichana, safari ya treni. Walifikia kwangu. Niliposikia hodi nikafungua mlango, nikamwona kaka amesimama na sanduku la kijani kichwani. Rangi ilikuwa haijachubuka. Kitasa kiling'aa.

"Miaka yote hii ulikuwa unaweka nini humu?" nikamuuliza, binti alipokwenda kuoga.

"Hakuna kitu. Mama alitaka kuwekea mbegu, nikakataa. Mke wangu alitaka kuwekea kanga, tukanuniana wiki nzima. Nilikuwa nalifuta vumbi tu."

"Ukingoja nini?"

"Si hiki?" akasema, akanyoosha kidole kuelekea bafuni, ambako binti alikuwa anaimba.

Alasiri tukampeleka stesheni. Kaka aliingiza sanduku behewani mwenyewe, hakutaka mpagazi aliguse. Akamwambia binti yake maneno mawili matatu, akashuka. Filimbi ilipopigwa, wazazi wote walisogea madirishani wakipunga mikono na kupiga kelele. Kaka alifanya kinyume. Aliigeuzia treni mgongo, akaanza kutembea kuelekea nje, polepole, bila kugeuka nyuma. Nyuma yetu binti aliita, "Baba! Baba!" Hakugeuka.

Ila safari hii mimi sikuwa nimeketi mgongoni kwake. Nilikuwa natembea ubavuni, na niliuona uso wake. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni, hakuyafuta, na alikuwa anatabasamu huku midomo inamtetemeka. Nikaelewa kwamba ndivyo alivyopita ndani ya nyumba yetu asubuhi ile, akaenda kuwaamsha ng'ombe kwa sauti ya kila siku ili mimi nisijue.

"Usinitazame," akasema.

Nilimtazama. Nikapiga goti kidogo palepale stesheni, mbele za watu, mwalimu mzima, mke wa mtu.

"Shikamoo, kaka."

Alisimama.

"Marahaba," akasema.