Soksi ya Tangi Namba Nne

Karatasi ya ajira ilimwita mhudumu wa matangi. Wafanyakazi wenzake walimwita Mama Matangi, na mwenyewe alijiita mlezi, tena kwa sauti kubwa, na ole wako ubishe. Miaka kumi na tisa alikuwa akifungua mlango wa ile maabara ndefu ya utafiti wa bahari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anavua viatu vyake vya njiani, anavaa mabuti ya mpira aliyoyakata shingo kwa kisu, kisha anapita tangi baada ya tangi akisalimia. Utani hapana, anasalimia kabisa. "Hamjambo huku? Mmeamkaje nyinyi?" Mgeni angedhani kuna watu wamejibanza nyuma ya mabomba.

Waliokuwa wakisalimiwa hivyo ni konokono wa baharini, chaza wachanga wasiozidi ukucha wa kidole cha mwisho, na vipande vya matumbawe vilivyogundishwa kwenye vigae vyeupe. Matumbawe, kama hujui, ni wanyama. Vijinyama vidogo hivyo, vikishikamana vingi vingi, hujijengea nyumba ya mawe polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka unapatikana mwamba mkubwa kuliko mtaa wenu, na samaki chungu nzima wanazaliwa humo, wanakula humo, wanajificha humo. Mama Matangi alilijua hilo kabla hujazaliwa, kwa hiyo usijaribu kumfundisha.

Bosi wake alikuwa mtafiti wa kike ambaye kwa umri angeweza kuwa kitindamimba wake. Mbele za watu alimwita Daktari. Wakibaki wawili alimwita mwanangu. Daktari alikuwa na kichwa cha ajabu kwenye hesabu, lakini kwenye suala la kula alikuwa sifuri. Angeweza kushinda na kikombe kimoja cha chai iliyopoa tangu asubuhi. Mama Matangi alikuwa anamletea kiamsha kinywa ndani ya kopo la plastiki, anasimama mbele ya meza yake mikono kiunoni, haondoki mpaka kopo liishe.

"Mama, nina kazi."

"Kazi haikimbii. Tafuna."

Basi Daktari huyo alikuwa na matangi sita yaliyopangwa kwa mstari. Matatu ya mwanzo yalijazwa maji ya bahari kama yalivyo leo. Namba nne, tano na sita yalijazwa maji kama yanavyotarajiwa kuwa wajukuu wetu wakishazeeka. Alimweleza Mama Matangi mara moja tu, naye akaelewa. Moshi wetu wote huu, wa magari, wa viwanda, wa kila tunachochoma, unatoa hewa ya ukaa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inamezwa na bahari. Kadiri bahari inavyomeza, ndivyo asidi inavyoongezeka majini. Kwa hiyo mitungi ya gesi ilipuliza hewa ya ukaa kwenye yale matangi matatu, na mashine moja yenye taa ya kijani ilipima ukali wa maji usiku na mchana, ikiona umepungua inaongeza gesi yenyewe.

"Sasa hawa wachanga wangu watafanywa nini na hiyo asidi?" aliuliza Mama Matangi.

"Chaza anajenga gamba lake kwa chokaa anayoipata majini, mama. Matumbawe vivyo hivyo. Asidi ikizidi, chokaa inakuwa adimu. Anajenga kwa taabu, na hicho kidogo alichojenga maji yanakila."

"Kwa hiyo unawanyima."

"Siwanyimi. Nataka kujua itakuwaje, ili tuwaambie watu mapema."

"Unawanyima," alisema Mama Matangi, akaenda zake kuosha vichujio.

Kila asubuhi alitakiwa kuandika kwenye daftari idadi ya waliokufa. Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro wa miaka. Mama Matangi hakuwahi kuandika kwamba mnyama amekufa. Aliandika "amelala". Daktari alikuwa akifungua kurasa na kucheka mpaka miwani inapata ukungu. "Mama, huyu konokono amelala tangu Jumanne!" Naye angejibu bila kutabasamu, "Amechoka." Mwishowe Daktari alisalimu amri, na kwenye kompyuta yake akawa anasoma neno amelala kama kifo.

Miezi ikapita, na wa namba nne, tano na sita wakaanza kudhoofika. Chaza wa namba nne ndio waliomuuma zaidi, kwa sababu aliwapokea wangali kama vumbi, wakielea, na ni yeye aliyewabadilishia maji kwa kikombe ili asiwamwage. Sasa ukimweka mmoja kwenye kiganja na kumwinua dirishani, mwanga unapita. Gamba limekuwa jembamba kama ganda la kitunguu. Siku moja alimshika mmoja kwa vidole viwili, kwa upole wote aliojaliwa, na gamba likabonyea.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia. Nasema alilia, na sioni haya kwa niaba yake. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na mifupa laini, miguu ikapinda mpaka jirani wakawa wanaangalia pembeni anapopita naye. Muuguzi alimwambia mifupa haishiki chokaa, ampe maziwa, ampeleke juani kila asubuhi. Alifanya hivyo miaka miwili bila kuruka hata siku moja. Leo yule mtoto ni baba mzima, mrefu, ana miguu iliyonyooka kama mlingoti, na akija kumtembelea mama yake anagonga kichwa kwenye mlango. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie akae atazame watoto wakikosa chokaa. Ataweza wapi!

Nyuma ya jengo kulikuwa na lundo la magamba makavu ya utafiti wa zamani. Mama Matangi akayaponda kwa nyundo, akayasuuza maji saba, akayajaza ndani ya soksi ya mumewe, ile ya kahawia yenye mistari, akaifunga fundo na kuitumbukiza kwenye kisanduku cha pampu nyuma ya tangi namba nne, mahali ambapo mtu mwingine haingizi mkono. Magamba yakiyeyuka kidogo kidogo, aliwaza, watoto watapata cha kujengea. Kila wiki mbili alibadilisha. Hakumwambia mtu.

Nyumbani mumewe, fundi saa aliyestaafu, alianza kulalamika. "Hivi soksi zangu zinakwenda wapi? Zinaondoka moja moja. Mwizi gani huyu mwenye mguu mmoja?"

"Labda umezivaa," alijibu mkewe.

Na jamani, ilifanya kazi! Ndani ya miezi minne chaza wa namba nne walinenepa magamba, na matumbawe yakarudisha rangi na kuanza kupanda kwenye vigae. Mashine ya taa ya kijani haikugundua kitu. Magamba yalipopunguza ukali wa maji, yenyewe iliongeza gesi, na namba kwenye kioo ikabaki ileile. Aliyeona jambo ni fundi mitambo peke yake, kwamba mtungi wa namba nne unaisha upesi kuliko wenzake. Alikaza nati, akapaka sabuni kwenye viungo kutafuta kinapovuja, hakuona povu, akabaki anajikuna kisogo. Kulikuwa na chupa za maji ya kupimwa chokaa, lakini hizo zilipelekwa maabara nyingine ya mbali, na majibu yake yalikuwa ya kusubiriwa kwa miezi.

Alhamisi moja Daktari aliingia maabara mbio, hana viatu, makaratasi mkononi, akamkumbatia Mama Matangi na ndoo yake mpaka maji yakawamwagikia wote wawili.

"Mama! Namba nne wamezoea! Tano na sita wanakufa, lakini namba nne wamezoea asidi! Labda ni mbegu ya namna yake. Jumapili nasafiri kwenye mkutano, nitawaambia wote. Mama, unaelewa? Kuna matumaini!"

Mama Matangi aliweka ndoo chini. "Hao wa mkutano ndio nani?"

"Ndio wanaopanga. Kiasi gani cha moshi kipunguzwe, lini, nani aanze. Nikiwaonyesha hii watashusha pumzi." Daktari alikuwa anafuta machozi ya furaha kwa kiwiko. "Mama, miaka mitatu nimeandika habari za vifo tu. Sasa hivi ndio kwanza nalala usingizi."

Siku hiyo Daktari alimaliza kopo lake la chakula bila kusimamiwa. Mama Matangi alimtazama akila, kisha akaliosha kopo mara tatu.

Jioni alimwambia mumewe yote, kuanzia nyundo mpaka soksi. Mzee akasema, "Kwa hiyo zile soksi…"

"Baba watoto, acha soksi! Nitafukuzwa. Na huyu binti atanichukia."

"Ukinyamaza je?"

"Atasimama mbele ya watu wote hao aseme uongo asioujua. Na wao wataamini. Watasema tuna muda." Alijifunika uso kwa kanga. "Nilitaka wapone tu."

"Najua," alisema mumewe. "Ndiyo maana nilikuoa. Lakini hiyo furaha umempa wewe, na kumvua ni lazima uwe wewe. Usisubiri aje kuvuliwa na watu wengine."

Ijumaa asubuhi Mama Matangi hakusalimia matangi. Alimsubiri Daktari mlangoni, akamshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, akampeleka nyuma ya namba nne. Hakutoa hotuba. Alipandisha mkono wa nguo, akazamisha mkono kwenye kisanduku cha pampu, akaitoa ile soksi ikichuruzika maji, akaishika mbele yake.

"Hawajazoea, mwanangu. Ni mimi. Niliwawekea chokaa."

Daktari aliitazama soksi. Akaifungua fundo, akamimina kiganjani vipande vya magamba vilivyoliwa mpaka vikawa laini. Alikaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa.

"Tangu lini?"

"Miezi minne sasa."

"Mama, ungeniambia wiki iliyopita… Nimeshawaandikia. Nimeshawaambia watu. Nilishaamini."

"Nifukuze. Ni haki yako. Ila usiende kuwaambia wale watu walale."

Daktari alilia, kilio cha mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi, na Mama Matangi alisimama pale na mkono unaotona maji, hajui kama bado ana ruhusa ya kumgusa. Mwishowe alimgusa. Daktari hakuutoa ule mkono.

Baada ya hapo akauliza kwa sauti ya mafua, "Soksi moja ilikuwa inachukua kilo ngapi?"

"Moja na nusu. Wakati mwingine mbili."

"Kila wiki mbili. Kwa tangi la lita mia tatu." Alikuwa tayari anapiga hesabu kwenye kiganja, machozi hayajakauka. Akainua uso. "Mama, hii soksi naiomba."

Mama Matangi aliifua kwa sabuni mara mbili, akaianika, Jumamosi akaipiga pasi, kwa sababu hawezi kumwachia mtoto wake aende mbele ya watu wakubwa na kitu kilichokunjamana. Fundi mitambo aliombwa radhi kwa ajili ya nati zake. Alicheka wiki nzima.

Jumatatu mchana simu ya maabara ililia.

"Niliiweka mezani mama, mbele yao wote," alisema Daktari. "Nikawaambia: kuna mtu aliyewaponya chaza wa tangi moja kwa soksi hii, kilo mbili za magamba kila wiki mbili. Halafu nikauliza nani kati yao ana soksi ya kuitosha bahari."

"Wakasemaje?"

"Walicheka. Halafu kicheko kikaisha. Mmoja akaniuliza ni mtafiti gani aliyefanya jambo hilo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni mama yangu."

Mama Matangi alikata simu kwa bahati mbaya, au labda si kwa bahati mbaya. Alijipangusa uso, akavaa mabuti.

Wiki ya tatu baada ya soksi kutolewa, chaza wa namba nne walianza tena kupitisha mwanga. Alipita asubuhi ile akiwasalimia wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi kwenye namba nne akasimama. Wawili walikuwa wazi, magamba matupu. Aliwatoa kwa kijiko, akawaweka kwenye sahani, akawatazama kwa muda aliouona unatosha. Kisha akafungua daftari na kalamu ikasimama juu ya karatasi, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea neno lingine.

Akaandika: Tangi namba nne, wawili wamekufa.