Jibu Lililofutwa Zahanati

Mtaani walimwita Mama Kompyuta, na jina likamkaa. Alikuwa fundi wa kompyuta wa zahanati, mjane wa mwaka mmoja, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu.

Mganga mkuu alitaka roboti ya kujibu ujumbe wa wagonjwa kwenye simu. Mama Kompyuta hakwenda mbali. Alichukua maktaba ya programu, yaani msimbo ulio tayari kutumika, aliyoiandika marehemu mumewe na kuiacha wazi, mtu yeyote aitumie na kuibadili bure. Aliisakinisha bila taabu, akaijaribu: "Daktari wa macho anarudi lini?"

"Kesho, mwanangu," roboti ikajibu.

Hilo lilikuwa jibu la mumewe. Kila aliposafiri kikazi, binti yao alimpigia simu kumuuliza anarudi lini, naye alimjibu hivyo hivyo, hata kama safari ndiyo kwanza imeanza. Kumbe mzaha wao alikuwa ameuchomeka humo ndani! Lakini daktari wa macho hakutarajiwa hadi mwezi ujao, na mgonjwa hadanganywi. Mama Kompyuta akapiga moyo konde, akalifuta.

Alipoijenga upya programu, ikagoma. Marehemu alikuwa ameandika jaribio, mistari ya kukagua kama jibu lile bado lipo, programu isikubali kujengwa bila hilo. Ndivyo walivyo mafundi hawa, hata mzaha wanauwekea mlinzi.

"Shemeji, futa na hilo jaribio," alisema mdogo wa marehemu, aliyefanya kazi meza ya pili. "Si mistari tu?"

"Najua ni mistari, shemeji. Niache kidogo."

Alilia bila kujificha. Kisha akalifuta jaribio, na programu ikajengeka.

Jioni alirudi nyumbani na toleo jipya kwenye flashi. Alitaka kuliweka pia kwenye kompyuta kuukuu ya mumewe, iliyokuwa bado na toleo la zamani, maana aliogopa mtoto asije akalikuta jibu lile akaanza kungoja. Alichelewa. Binti alikuwa ameketi sakafuni, kompyuta mapajani, anaandika: "Baba, unarudi lini?"

"Kesho, mwanangu."

Mama akachuchumaa kando yake. "Mwanangu, baba..."

"Najua harudi, mama. Namuuliza kila siku. Napenda tu anavyosema."

Mama Kompyuta aliiacha flashi mfukoni. Alikaa sakafuni, akaivuta kompyuta taratibu, akaandika swali lile lile.