Hita ya Okidi, Tooting

Binti yake alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye basi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mama yake amefariki hospitalini, na kwamba mwili utachomwa mwisho wa wiki kwa desturi ya dini yao ya Kihindu. Nilishuka kituo kilichofuata nikatembea. Wengi wenu hamkumjua, kwani hakuwa mtu wa majukwaa wala wa sherehe zetu. Alikuwa mjane wa Kigujarati, mzaliwa wa Tanga, aliyeishi Tooting, London, tangu ujana wake na kuotesha maua ya okidi katika kibanda cha vioo nyuma ya nyumba. Tulijuana sokoni, aliponisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu akavuka njia kunifuata. "Endelea kuongea, mwanangu," alisema. "Tangu mume wangu aondoke sijapata wa kusema naye lugha hii." Tukaenda kunywa chai. Akanisimulia jinsi yeye na mumewe walivyokuwa wakigombana kwa Kiswahili ili watoto wasielewe, na jinsi watoto walivyokuja kuelewa yote, ila kujibu wakajibu kwa Kiingereza tu.

Majira ya baridi ya mwaka tuliojuana alikuwa akitumia hita ya mafuta ya taa aliyopewa na jirani. Kibanda kilipata joto, lakini hewa yake ilichafuka, na matumba yakageuka manjano yakaanguka kabla ya kufunguka. Aliyaokota moja moja akayaweka kwenye bakuli, kama mtu aliyeshindwa kuyatupa. Baridi ya mwaka uliofuata ilipokaribia akaniomba nifuatane naye dukani kuchagua hita nyingine, na binti yake akatupeleka kwa gari. Muuzaji alitueleza kwa utulivu. Ya gesi ina nguvu, lakini huleta unyevu na lazima uache upenyo wa hewa. Ya umeme yenye feni husambaza joto kote wala haichafui hewa, ila fundi umeme atalazimika kuchimba bustani na kufukia waya kutoka nyumbani hadi kibandani. Akamuuliza angependa joto kiasi gani. Mama akamjibu kwamba okidi zake asili yake ni milimani, zinapenda usiku wa ubaridi ndipo zichanue, na yeye anataka tu zisigande. Kisha akaelekeza kidole kwenye ile ya umeme.

"Mama, uchimbe bustani ya nini?" binti aliuliza kwa Kiingereza. "Si unahama majira ya machipuko?"

Marehemu hakumgeukia. Aliniambia mimi, kwa Kiswahili, "Wanangu wamenitafutia fleti karibu na kwao. Nzuri, ina lifti. Mahali pa kuweka mmea hapana."

"Lakini tulikwambia, ukasema sawa," binti alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikusema sawa. Nilisema nimesikia."

Muuzaji, ambaye Kiswahili hakukielewa, alijishughulisha na maboksi yake. Binti alisimama akiikunja na kuikunjua risiti ya maegesho. Nilidhani atalia, au wataondoka mikono mitupu. Badala yake akamwendea muuzaji na kumuuliza kama anamfahamu fundi umeme wa kuaminika.

Habari ya fleti haikutajwa tena. Mama alibaki nyumbani kwake, binti akawa anakuja Jumapili kumsaidia kumwagilia, na kila nilipopita niliwakuta wakibishana juu ya mbolea, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza. Siku zake za mwisho hospitalini binti alimpelekea shina moja lililochanua. Wauguzi walizuia lisiingie wodini, basi akalishika nje ya kioo cha mlango, na mama akalitazama mpaka akasinzia.

Nimelifikiria sana hili tangu tulipotoka kumuaga. Wazee waliokuja mji huu wakiwa vijana sasa magoti yamechoka, na sisi watoto wao, kwa mapenzi matupu, tunakutana kwenye makundi ya simu kuwapangia vyumba, wahudumu na miji ya kuhamia. Tunawapelekea uamuzi uliokwisha kuiva, wao wananyamaza kwa adabu, nasi tunaandika kwamba wamekubali. Mzazi anastahili kuulizwa kabla jambo halijaamuliwa, na muulizaji awe tayari kupata jibu litakalomsumbua.

Wiki iliyopita nilikwenda Edmonton, upande wa pili wa London, kwa mama yangu mzazi, ambaye mimi na ndugu zangu tumeanza kunong'ona kwamba ngazi za nyumba yake zinamshinda. Nikamuuliza angependa kuishi wapi. Akauliza kwanza kama nina haraka ya kuondoka. Nikavua koti.